Dawa Inayokaa Mwilini: Hoja ya Kutetea Sindano ya Kila Mwezi

Mada hii inatetea hoja moja: katika kupambana na bakteria wa Gramu chanya, nguvu ya dawa haitoshi, lazima tuulize pia ni nani aliyetwishwa kazi ya kuikumbuka. Vidonge vya kila siku humtwisha mgonjwa. Dawa inayokaa mwilini huihamishia kazi hiyo kituo cha afya. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dalbavansini na oritavansini, dawa za dripu ambazo dozi moja au mbili hutosha kutibu maambukizi makali ya ngozi. Lakini ushahidi ulio karibu nasi unatokana na dawa kongwe, iliyoanza kutumika miaka ya 1950: benzathini penisilini.

Dawa hii mara nyingi huja kama unga mweupe kichupani. Muuguzi huuchanganya na maji ya sindano, hutikisa hadi upate weupe wa maziwa, kisha huusukuma ndani ya msuli. Kwa kuwa benzathini penisilini huyeyuka kwa shida, msuli hugeuka ghala linalotoa penisilini kidogo kidogo kwa wiki tatu hadi nne. Kidogo hicho kina kazi kubwa, maana streptokoko wa kundi A, chanzo cha homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, hadi leo hajathibitika kuwa sugu kwa penisilini. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa 2021 ulihusisha watoto 818 waliokuwa na dalili za awali za ugonjwa huo wa moyo. Baada ya miaka miwili, miongoni mwa waliochomwa sindano kila wiki nne, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto watatu tu, asilimia 0.8, kwa wasiochomwa, 33, asilimia 8.2.

Wapo watakaosema kwamba dawa ikishaingia haitoki, hivyo mwenye mzio yumo hatarini. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni maandalizi: kuuliza historia ya mzio, kumbakiza mgonjwa kituoni baada ya sindano, kuwa na adrenalini mkononi, na kuwapa vidonge wale ambao vali zao zimeharibika vibaya. Wengine wanahofia usugu, kwa kuwa dawa hubaki mwilini kwa kiwango kinachopungua polepole. Kwa stafilokoko tahadhari hiyo ni ya lazima, na dalbavansini isitolewe ovyo. Hata hivyo, vidonge vinavyomezwa leo na kurukwa kesho navyo huwazoesha bakteria dawa. Maumivu ya sindano ni pingamizi zito zaidi, maana mtoto aliyeumia hukataa kurudi. Kuchanganya dawa na lignokeini huyapunguza.

Kwa hiyo napendekeza kila kituo kiwe na daftari la tarehe za sindano, mtu wa kuwafuatilia wasiofika, na akiba isiyokatika. Tukikubali kuubeba mzigo wa mgonjwa, tuubebe kweli: kituo kikiishiwa dawa wiki ya nne, ghala la msulini nalo linakauka, na mtoto hana kidonge cha kuziba pengo hilo.