Swali Lililo Nyuma ya Swali: Usaili wa Kazi Baina ya Watu wa Desturi Tofauti

Naanza na majaribio mawili, kwa kuwa bila hayo hoja yangu haitasimama.

Mwaka 1974 Carl Word, Mark Zanna na Joel Cooper walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Katika jaribio la kwanza, wanafunzi Wazungu waliwasaili vijana, baadhi Weusi na baadhi Wazungu. Wasaili hawakujua kwamba vijana hao wote walikuwa wamefundishwa kukaa na kujibu kwa namna moja. Kwa hiyo tofauti yoyote ambayo ingejitokeza ingekuwa imetoka upande wa msaili. Nayo ilijitokeza. Mbele ya kijana Mweusi, msaili aliketi mbali zaidi, ulimi wake ulijikwaa mara nyingi zaidi, na usaili ulikwisha mapema kwa takriban robo ya muda.

Jaribio la pili ndilo zito zaidi. Safari hii wasailiwa wote walikuwa Wazungu, na waliofundishwa ni wasaili. Baadhi ya wasailiwa walipokewa kama Wazungu wa jaribio la kwanza walivyopokewa, wengine kama Weusi: kiti cha mbali, maneno ya kukwamakwama, haraka ya kumaliza. Waamuzi waliowatazama bila kujua siri hiyo waliwaona hawa wa pili kuwa na wasiwasi zaidi na kutoifaa kazi kama wenzao.

Natamani kila anayekaa kwenye jopo la usaili ayajue haya kabla hajaandika alama ya kwanza. Ule wasiwasi anaouona kwa mwombaji, na kuuandika kama tabia ya mwombaji, huenda ameuzalisha mwenyewe. Ishara za usaili hutengenezwa na watu wote waliomo chumbani. Hoja yangu leo ni kwamba mzigo wa kuzisoma tumemtwisha mmoja tu, yule mwenye shida ya kazi, ilhali mwenye uwezo wa kuupunguza ameketi upande wa pili wa meza.

Miongozo ya usaili husema mengi kuhusu macho na mikono. Kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa hufundishwa kuyainua. Aliyezoea kupokea mkono kwa unyenyekevu hufundishwa kuukaza. Wakongomani waliofika Marekani kama wakimbizi waliambiwa hayo hayo walipotafuta kibarua cha kwanza. Ni mafunzo yenye faida, na siyabezi. Lakini mtu huweza kuyashika kwa siku chache. Ugumu halisi umo ndani ya jibu, pale mwombaji anapotakiwa kujua swali linatafuta nini, na swali lenyewe halisemi.

Nitatoa mfano nilioutunga, ila mazingira yake ni ya kweli. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano yaliyofungua njia kwa wauguzi wa Kenya kuajiriwa Uingereza. Mfikirie muuguzi mwenye uzoefu wa wodi ya wazazi, yuko mbele ya kompyuta, anasailiwa na jopo lililoko huko. Anaulizwa: "Tueleze siku uliyotofautiana na mkubwa wako kazini." Anatulia. Katika malezi yake, kumsema mkubwa mbele ya wageni ni utovu wa adabu, na anayemsema bosi wa jana atamsema na wa kesho. Basi anajibu kwa kile anachokiona kuwa ushahidi wa uadilifu wake: "Sijawahi kutofautiana na mkubwa wangu. Tulifanya kazi kwa kushirikiana." Upande wa pili wanaandika kwamba ametoa jibu la jumla, hana mfano, hajitathmini.

Jopo lilitaka kujua nini? Lilitaka kujua kama muuguzi huyu atafungua mdomo mgonjwa akiwa hatarini. Ni jambo la haki kabisa kulijua. Sasa swali liulizwe hivi: "Daktari ameandika dozi ambayo unaona imezidi, na ana haraka. Utafanya nini?" Hapo muuguzi wetu atasema. Ataeleza jinsi anavyorudia kuisoma fomu, anavyomwita daktari pembeni ili asimwaibishe mbele ya mgonjwa, anavyozuia sindano isichomwe mpaka jibu lipatikane, na mtu anayempelekea habari iwapo daktari atakataa kusikiliza. Pengine ameshafanya hivyo mara nyingi. Hakuwahi kufikiri kwamba huko ndiko "kutofautiana na mkubwa," kwa kuwa kwake ni kumlinda mgonjwa na kumlinda daktari pia.

Celia Roberts na Sarah Campbell walichunguza usaili wa aina hii Uingereza na kutoa ripoti yao mwaka 2006, nyingi ya kazi zilizoombwa zikiwa za mshahara mdogo. Waliozaliwa nje ya nchi walifaulu kwa uchache kuliko Wazungu wa pale, na pia kuliko watu wa jamii za wachache waliozaliwa pale pale. Rangi peke yake, basi, haikutosha kueleza tofauti hiyo. Kilichowaponza ni namna ya kusimulia: jopo lilitaka kisa kifupi chenye tukio, hatua alizochukua msimuliaji mwenyewe, na matokeo. Aliyeanza na chanzo cha mambo, au aliyesema "tulifanya" badala ya "nilifanya," alipoteza alama. Linaloniuma zaidi ni kwamba ufundi wa maneno uliodaiwa kwenye usaili ulizidi ule uliohitajiwa na kazi yenyewe.

Mwanaisimu John Gumperz alikwishaliona tatizo hili. Mwaka 1979 alishiriki katika filamu ya BBC iitwayo Crosstalk, iliyoonyesha usaili wa namna hii kati ya Waingereza na wahamiaji kutoka Asia ya Kusini. Lakini mfano wake ninaoupenda unatoka kwenye kantini ya wafanyakazi katika uwanja wa ndege Uingereza. Wanawake wa Kihindi na Kipakistani walioajiriwa pale walilalamikiwa kuwa na kiburi. Sababu ilipotafutwa, ikaonekana kwenye neno moja. Mwingereza alipompa mtu nyama alimwuliza kama anataka mchuzi kwa kupandisha sauti: "Mchuzi?" Wale wanawake waliishusha: "Mchuzi." Kwao huko ndiko kuuliza kwa adabu, mlaji akasikia kama anaambiwa chukua usichukue shauri yako. Jaribuni kulitamka kwa namna zote mbili hapo mlipo, mtaisikia hasira inavyozaliwa. Baada ya pande zote mbili kuonyeshwa jambo hilo, uhusiano wao ukaanza kutengemaa.

Frederick Erickson na Jeffrey Shultz, katika kitabu chao cha 1982, waliwachunguza washauri wa wanafunzi katika vyuo vya Marekani. Mshauri asipoona ishara ya kusikilizwa aliyoizoea, alirudia maelezo na kuyarahisisha, mpaka mwanafunzi akajiona anafanywa mjinga. Lakini waliona na jambo lingine, na hili linatuhusu sana sisi. Pale wawili hao walipogundua kitu kinachowaunganisha, kama mchezo waliowahi kuucheza au shule waliyosoma, mazungumzo yalilainika hata kama asili zao zilitofautiana, na mwanafunzi akapata msaada zaidi.

Kwetu jambo hili tunalijua vizuri. "Kwenu wapi?" ni swali la upendo barazani. Kwenye usaili ni swali la hatari, kwa maana anayepatikana kuwa wa nyumbani husomwa kwa huruma, kigugumizi chake kikaitwa unyenyekevu, na cha mwenzake kikaitwa kutojua. Jopo linaweza kutenda hivi bila nia mbaya hata chembe. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba msaili mzuri ni yule mwenye jicho la kumsoma mtu. Jicho hilo husoma vizuri watu wa kwao.

Naomba tuanzie hapa chuoni, kwenye majopo yetu ya kuajiri wahadhiri wasaidizi. Kila swali liandikiwe mapema kile linachokitafuta. Wasailiwa wote waulizwe yale yale. Na jibu likikosa mfano, msaili auombe waziwazi kabla ya kukata alama. Pale panapowezekana, mtu apewe kazi aifanye tuione: afundishe dakika 15, asahihishe insha moja.

Nanyi wanafunzi mtakaosailiwa kabla mabadiliko haya hayajafika, mnayo ruhusa ambayo wengi hamuitumii, nayo ni kuuliza. "Samahani, mngependa nieleze tukio moja, au kazi yangu kwa jumla?" Mkisema "tulifanya," ongezeni: "na sehemu yangu ilikuwa hii." Kusema hivyo si kujisifu. Jopo haliwezi kumwajiri mtu ambaye halijaambiwa alifanya nini.