WANACHAMA WETU WASIPAKIWE KAMA MAGUNIA

(Hotuba ya mwenye duka wa Mabatini, Mwanza, mbele ya wanachama wenzake wa visiwani)



Nimetoka Mwanza kuja kukuamkieni, na khabari niliyoijia si ya viti vya Baraza la Wawakilishi. Ni khabari ya pikapu, na ya vijana tunaowapandisha nyuma yake kila tunapoitisha mkutano.

Duka langu liko Mabatini, kwenye njia ya magari yatokayo mjini kwenda Igoma. Nikikaa mlangoni naziona pikapu zikipita, chini magunia ya dagaa wa Mwaloni Kirumba, juu ya magunia watu. Kijana wangu wa dukani alikuwa akirudi hivyo hivyo. Siku moja dereva alishika breki ghafla kumkwepa mwenye bodaboda. Gari lilisimama, kijana hakusimama. Alivunjika paja. Nilipokwenda kudai, niliambiwa kwamba gari lile limekatiwa bima ya mizigo, na kijana wangu si mzigo wala si abiria. Alilala miezi mitano, na gharama zote zikatoka katika mfuko wa duka.

Ndugu zangu, gari likienda kilomita 50 kwa saa, aliye nyuma naye anakwenda mwendo huo huo, ijapokuwa amekaa kitako. Akirushwa akagonga kitu kisichosogea, kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka juu kiasi cha mita 10. Hana mkanda, hana kiti, hana pa kujishikia ila bega la mwenzake. Na watu wakisimama wengi, uzito hupanda juu, na kona ndogo yaweza kulipindua gari.

Ama sheria, Bara iko Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na Zanzibar ina yake. Abiria wa nauli hubebwa na gari lenye leseni ya abiria. Huko Bara leseni hiyo hutolewa na LATRA, iliyoundwa mwaka 2019. Mtaniuliza: mbona daladala zetu za Unguja nazo ziliundwa juu ya pikapu? Ni kweli, lakini zile zilitiwa paa na mabenchi, zikapewa leseni ya kuchukua watu. Pikapu tunayoazima siku ya mkutano haina hata moja katika hayo.

Wako wasemao kwamba ajali haina kinga. Watu wa visiwani tusiwe sisi wa kusema hayo. Tuliizika Spice Islander, iliyozama 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejazwa kupita kiasi chake. Kule kwetu Ziwani, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018. Kivuko hicho kiliwekewa kiwango cha watu 101. Waliokufa walizidi 220. Tuliuliza, na ilikuwa haki yetu kuuliza: nani aliyeruhusu chombo kijazwe? Basi leo swali hilo limerudi kwetu. Chama kinachoitaka Serikali iheshimu sheria kitasema nini siku vijana wake watakapomwagika barabarani, bendera mikononi?

Najua mweka hazina atasema fedha hakuna. Mimi ni mtu wa duka, naijua shida ya fedha. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila tawi likodi daladala lenye leseni, japo moja, liende safari mbili. Pili, mikutano iwekwe karibu na watu, ili wengi waende kwa miguu. Tatu, kiongozi yeyote asimwamrishe mwanachama kupanda mahali ambapo mwanawe mwenyewe asingempandisha.

Mama aliyetukabidhi mwanawe asubuhi anamtaka jioni, akiwa mzima. Tumrudishieni amana yake.

Wabillahi tawfiq.