Mpelelezi Kijana na Siri za Ukoo: Riwaya ya Upelelezi Inayoweza Kuandikwa Upareni

Riwaya ya upelelezi, yaani hadithi ndefu inayomwongoza msomaji kwa dalili ndogondogo hadi mkosaji afichuliwe, ilipata msingi imara katika Kiswahili mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale. Mauaji yanayosimuliwa humo yanahusishwa na mzimu, yaani mahali ambapo wahenga hutambikiwa, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anathibitisha kwa hoja kwamba muuaji ni binadamu. Ushindi huo wa akili ulikuwa wa lazima, lakini uliuacha mzimu wenyewe ukiwa jukwaa tu la tukio.

Hatari ya kuufanya utamaduni kuwa pambo tu la hadithi ilionekana mapema Australia. Arthur Upfield, mzaliwa wa Uingereza, alianza mwaka 1929 kuchapisha riwaya juu ya mpelelezi aliyezaliwa na mama Mwaborijini na baba Mzungu, ambaye ustadi wake wa kusoma nyayo ulielezwa kama jambo la damu, ilhali elimu hiyo hufunzwa na wazee. Mwaka 2018 ndugu wawili wa jamii ya Kiaborijini ya Wapalyku, Ambelin na Ezekiel Kwaymullina, walichapisha Catching Teller Crow, riwaya ya vijana ambamo binti aliyefariki anamsaidia baba yake askari kupeleleza, na ambamo historia ya watoto walionyang'anywa wazazi wao imefungamana na kosa linalochunguzwa. Hapo utamaduni si pambo, ndio unaolifumbua fumbo.

Riwaya ya namna hiyo ina nafasi yake Kileo, katika Wilaya ya Mwanga, kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare wa Kaskazini, na pia Same, ambako mabonde kama la Makanya bado yana ndiva. Ndiva ni bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe asubuhi na kufuata mifereji hadi mashambani, kila mkulima akisubiri zamu yake. Nyingi zilichimbwa na koo, na koo ndizo zilizozitunza. Basi, ndiva ikikutwa tupu alfajiri, msichana wa miaka 15 anayejua zamu za wiki nzima ana chombo cha upelelezi asichonacho polisi kutoka mjini: ataona mfereji upi una tope bichi, shamba lipi limelowa kabla ya siku yake, na jembe la nani limeegeshwa likiwa bado na udongo mbichi.

Hata hivyo, si kila lisilosemwa ni la kufichuliwa. Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, aliuonyesha mshitu, yaani mafunzo ya jando yaliyofanyika msituni, kuwa nguzo ya utawala wa Ugweno, ufalme wa kale wa Upare wa Kaskazini, na mafunzo hayo hayakusimuliwa kwa asiyeyapitia. Mwandishi anayemlazimisha babu ayataje ili kisa kifungwe anaikosea jamii na anaidhoofisha hadithi pia. Njia yenye nguvu zaidi ni kumwacha mzee anyamaze, na msichana, ambaye amelelewa katika jamii hiyo na anajua ni mambo gani ambayo wazee huyanyamazia, atambue kutokana na ukimya huo kwamba maji hayakuibwa na mgeni, kisha arudi kwenye mifereji kutafuta ushahidi anaoruhusiwa kuutamka mbele ya baraza la kijiji.