Maziwa Huharibikia Mikononi Mwetu

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumzie kikombe cha maziwa unachompa mtoto wako asubuhi.

Nimepita mara nyingi katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, nikasimama mazizini wakati wa kukamua. Sisi wa mjini, maziwa yakikatika jikoni, humlaumu mchuuzi. Niliyoyaona huko yanatosha kunizuia nisimlaumu yeye peke yake.

Ndani ya kiwele cha ng'ombe mwenye afya, maziwa huwa na vijidudu vichache mno. Uchafu huanza pale mkamaji anapochuchumaa. Mkia uliolala kwenye samadi unapepea juu ya ndoo. Kiwele kina matope. Ndama amenyonya kwanza ili maziwa yashuke, na chuchu zimebaki na mate yake. Mkamaji ametoka kumfunga ng'ombe kamba, na mikono ni ileile. Pengine anachovya vidole ndani ya maziwa ili chuchu ziteleze.

Muulize mbona hanawi, atakuonyesha bondeni. Ngara ni nchi ya vilima, na mara nyingi nyumba ziko juu, maji yako chini. Ndoo iliyopandishwa kichwani na mama ndiyo ya kupikia, ya kuoshea vyombo na ya kunywa. Kiwele cha ng'ombe kinakuwa cha mwisho kwenye foleni.

Halafu kuna chombo. Zamani wafugaji wengi walifukiza vibuyu kwa moshi, na moshi ule ulipunguza vijidudu. Leo tuna dumu la plastiki lililokuwa na mafuta ya kula. Mdomo wake hauingizi mkono, kwa hiyo linasukwasukwa tu kwa maji. Plastiki ikishachubuka, vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo. Dumu hilo hufungwa kwenye baiskeli au pikipiki, likapigwa na jua, na katika joto vijidudu huweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa. Maziwa ya kaya kumi yakimiminwa pamoja, dumu moja chafu huharibu yote.

Wapo pia ng'ombe wagonjwa. Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe humfikia mtu kwa maziwa mabichi. Kuchuja kwa kitambaa huondoa nywele na majani tu. Kuchemsha huua vijidudu hivyo, lakini hakuondoi mabaki ya dawa aliyochomwa ng'ombe jana.

Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 ipo, nayo ndiyo iliyounda Bodi ya Maziwa. Lakini sheria haimnawishi mkamaji mikono. Aliyeosha kiwele, akakikausha kwa kitambaa safi na kutumia chombo cha chuma, analipwa kwa lita sawasawa na asiyenawa. Kwa nini basi ajisumbue?

Kwa maoni yangu, tuanzie hapo. Wanunuzi wapime usafi kabla ya kupima lita, na anayeleta maziwa safi alipwe zaidi. Halmashauri nazo zisogeze maji karibu na mazizi. Nawe msikilizaji, muulize mchuuzi wako anabebea nini maziwa, kisha yachemshe hata kama ni ya rafiki yako.