Profesa Aliyezikataa Nyuklia: Stanislav Shushkevich na Siasa za Belarusi



Stanislav Shushkevich anakumbukwa zaidi kwa usiku mmoja. Desemba 1991, katika nyumba ya wawindaji huko Viskuli, Belarusi, aliwakaribisha Boris Yeltsin wa Urusi na Leonid Kravchuk wa Ukraine. Mwenyewe alieleza kwamba nia yake ya awali ilikuwa kuomba mafuta na gesi, maana majira ya baridi yalikuwa yamewadia. Tarehe 8 watatu hao wakatia saini mkataba uliouzika Umoja wa Kisovyeti. Kumpigia simu Gorbachev, rais wa Umoja huo, na kumpa habari hiyo kulimwangukia Shushkevich.

Leo naomba tutazame kazi yake nyingine, ambayo kwangu ni kubwa zaidi.

Alizaliwa Minsk mwaka 1934, mtoto wa mwandishi aliyefungwa miaka mingi na utawala wa Stalin. Alisomea fizikia na kuwa profesa. Ajali ya Chernobyl ya 1986, iliyomwaga mionzi juu ya mashamba na vijiji vya Belarusi huku wakubwa wakificha ukweli, ndiyo iliyomsukuma kwenye siasa. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1991 lilipovunjika Moscow, akawa Mwenyekiti wa Baraza Kuu, yaani mkuu wa nchi.

Nchi hiyo changa ilirithi makombora 81 ya nyuklia ya masafa marefu. Shushkevich aliyataka yaondoke, bila kudai malipo wala masharti. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyeijua atomu: vita ikizuka, palipo na makombora ndipo patakapopigwa kwanza. Januari 1994 Rais Clinton wa Marekani alifika Minsk kuishukuru Belarusi kwa uamuzi huo. Kabla mwezi haujaisha, bunge likamwondoa Shushkevich madarakani.

Aliyemfungulia mlango wa kutokea ni mbunge Alexander Lukashenko, mwenyekiti wa kamati ya kupambana na ufisadi, aliyemtuhumu kutumia mali ya umma kwa manufaa yake. Shushkevich hakuwa na chama kikubwa cha kumkinga, na wabunge wengi walikuwa watu wa mfumo wa zamani. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wake: aliamini kwamba hoja njema hujitetea yenyewe. Katika uchaguzi wa urais mwaka huo alipata takribani asilimia 10 ya kura. Lukashenko akashinda, na pensheni ya mkuu wa nchi wa zamani ikaachwa iliwe na mfumuko wa bei hadi ikashuka chini ya dola 2 kwa mwezi. Shushkevich akaishi kwa kutoa mihadhara ughaibuni.

Kombora la mwisho liliondoka Belarusi Novemba 1996. Februari 2022, kura ya maoni iliyosimamiwa na serikali ya Lukashenko ilifuta katika katiba ahadi ya nchi kutokuwa na silaha za nyuklia. Shushkevich alifariki Mei mwaka huo, akiwa na miaka 87. Mwaka uliofuata Lukashenko akatangaza kwamba silaha za nyuklia za Urusi zimeanza kuwasili.