Seli Shina na Saratani: Tusiuze Ng'ombe Haraka

Tukitembelea vijiji vya hapa Eldoret, tunaulizwa sana: "Ni kweli seli shina zinaponya saratani?" Leo tulizungumze polepole.

Mwili umejengwa kwa seli, kama nyumba kwa matofali. Seli shina ni zile zinazozaa seli nyingine. Zile za ndani ya mifupa, kwa mfano, huzaa damu. Seli hutoa vifuko vidogo mno, hata mamia yangeenea kwenye upana wa unywele mmoja. Mwaka 1983 watafiti wa Montreal, Canada, walivieleza walipochunguza damu ya kondoo. Wengi walifikiri ni takataka tu. Baadaye ikajulikana vinabeba ujumbe, kama mtoto anayetumwa kwa jirani.

Lakini ujumbe huo una pande mbili. Katika maabara, vifuko vya seli shina mara nyingine vilizuia uvimbe. Mara nyingine viliusaidia kupata mishipa ya damu na kushindana na dawa. Kwa hiyo wataalamu wanajaribu kuvijaza dawa wenyewe, ili viipeleke mpaka kwenye saratani. Mwaka 2021 hospitali ya MD Anderson, Houston, ilianza kuvijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho. Hilo ni jaribio la hatua ya kwanza, la kuangalia usalama.

Basi mtu akikuletea chupa ya "seli shina" na kukuambia uuze ng'ombe, mwulize: nani ameithibitisha? Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwaonya wananchi wake baada ya wagonjwa kudhurika na bidhaa za vifuko hivyo. Kitu kinachoweza kulisha uvimbe si cha kuchezea.

Matibabu yaliyopimwa tunayo karibu. Hospitali ya Rufaa ya Moi ina kituo cha saratani cha Chandaria, kilichofunguliwa mwaka 2015. Shida yetu kubwa ni kuchelewa. Chakula kikikwama kooni, titi likiwa na uvimbe, au damu ikitoka pasipo sababu, usingoje mavuno. Nenda ukapimwe.

Na kikundi kifanye nini? Kiweke akiba ya nauli, kihakikishe kila mwanachama ameandikishwa SHA, na kichague mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Mgonjwa asiachwe aende peke yake.