Maji Yale: Kweli au Uongo?



Wahitimu, mnakwenda kufundisha, na hapa Songea kuna swali mtakaloulizwa mapema: maji ya mganga Kinjikitile Ngwale yalikuwa kweli au uongo? Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, dawa ile ya maji ilitoka Ngarambe ikafika hadi Ungoni, watu wakiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wamezikwa hapa mjini, penye Makumbusho ya Majimaji.

Nagarjuna, mwanafalsafa wa India wa karne nyingi zilizopita, alipima swali kwa majibu manne: ndiyo; siyo; ndiyo na siyo; wala ndiyo wala siyo. Mara nyingi aliyakataa yote manne. Naye Carl Jung, bingwa wa elimu ya nafsi kutoka Uswisi, alitaja kazi nne za nafsi: kufikiri, kuthamini kwa moyo, kutambua kwa milango ya fahamu, na kung'amua yasiyoonekana. Kazi hizi na majibu yale havilingani moja kwa moja, lakini viwekeni mbele ya maji yale. Macho yanaona maiti, yanasema siyo. Moyo unaona makabila yaliyokuwa mbalimbali yakisimama pamoja, unasema ndiyo. Fikra inalazimika kuyabeba yote mawili. Ung'amuzi unauliza kama imani ya watu yafaa kupimwa kwa bunduki peke yake.

Ebrahim Hussein aliliona hilo. Katika tamthilia yake Kinjeketile, ya mwaka 1969, maji yanawaunganisha watu na papo hapo yanawaponza. Mwishoni shujaa anatakiwa ayakane, naye anakataa, kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa. Ukinzani ule hautatuliwi. Ndio unaoisukuma tamthilia yote.

Ila nawasihi, "ndiyo na siyo" isiwe kichaka cha kujifichia. Njaa iliyofuata vita iliua watu wengi kuliko risasi, na anayetoa jibu hilo lazima aihesabu njaa hiyo pia.

Kwa hiyo wapelekeni wanafunzi wenu makumbusho, wasimame penye kaburi la pamoja la mashujaa wale. Kisha mwulizeni kila mmoja amechagua jibu lipi kati ya manne, na kwa nini ameyaacha yale matatu.